Mume wangu asema sherehe yangu ya uani itamvua nguo

Mwalimu, hujambo?

Nimeisoma safu yako tangu nikiwa chuoni na sikudhani siku moja ningekuandikia, tena kuhusu jambo dogo kama kuwaita watu kula. Lakini imefika mahali mimi na mume wangu tunapishana koridoni kama wapangaji wawili wasiojuana.

Nina miaka 38 na watoto watatu. Tunaishi Buruburu, katika nyumba aliyoinunua marehemu baba mkwe kabla hata sijaijua familia hii. Majirani zetu karibu wote wamejenga vyumba vya kukodisha nyuma ya nyumba, ukuta ukagusana na ukuta. Sisi bado tuna ua. Si mkubwa, ukitandaza kamba mbili za nguo umefika kwa jirani, lakini una nyasi kidogo na mparachichi alioupanda mzee mwenyewe.

Mara ya mwisho ua huo kujaa watu ni miaka mitatu iliyopita, mzee alipofariki. Kamati ya mazishi ilikutana hapo kila jioni kwa majuma mawili, daftari la michango likipita mkono kwa mkono. Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka minne. Hadi leo akiona viti vya plastiki vikishushwa kwenye gari, hata kama ni kwa jirani, huniuliza, "Mama, nani amekufa?"

Basi Desemba nikaamua kwamba Jumamosi moja ya Februari, kabla mvua za Machi hazijaanza, nitawaita watu kama ishirini. Waje saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni waende kwao. Mikeka na leso chini ya mti. Hakuna tenti, hakuna MC, hakuna hotuba, hakuna keki ya kukatwa. Mimi nipike pilau na kachumbari, halafu huyu alete matunda, yule chapati, mwingine soda. Nilikuwa nimeona picha za watu wa Ulaya wakila bustanini mwezi wa Julai, meza moja ndefu, kila mtu na malapa yake. Julai yetu unaijua ilivyo, baridi na mawingu. Nikasema Februari ndiyo Julai yao.

Nikaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia na kile cha marafiki: "Karibuni kwetu tukae tu. Kila mtu abebe kitu kimoja cha kula au kunywa." Sikumwambia mume wangu kwanza. Sikuona kama ni jambo la kuombea ruhusa.

Swali likawa moja kwa wote: sherehe ya nini? Nikisema si ya kitu, haamini mtu. Wifi aliniuliza kama nina mimba. Binamu mmoja alinitumia Sh500 kwenye simu bila neno, na rafiki ya mume wangu akatuma Sh1,000, nadhani walihisi ni harambee wakaona bora wamalize mapema. Sijui nirudishe pesa hizo au nifanyeje. Mama mkwe, ambaye siku hizi anaishi mashambani, aliambiwa na shemeji kwamba kwetu kuna maombi ya shukrani. Amekwisha kuwaalika akina mama wa kanisa lake na anakuja nao. Watu ishirini sasa wanakaribia hamsini.

Hayo yote ningeyaweza. Lisilowezekana ni hili. Mwalimu, mume wangu alipigwa kalamu Septemba. Kampuni ilipunguza watu naye akawa mmoja wao. Tunaojua ni sisi wawili. Kila asubuhi anavaa, anatoka saa moja kama kawaida, na sijawahi kumuuliza anakokwenda. Ndugu zake hawajui, mama yake hajui. Na tangu baba yao aondoke, yeye ndiye hununua mbuzi familia ikikutana.

Alipousoma ujumbe wangu alisema, "Unanivua nguo mbele ya ndugu zangu. Tangu lini mgeni akaja kwangu na sufuria?" Sasa ametoa masharti. Ama tufanye sherehe ya heshima, mbuzi wawili kutoka Kiamaiko, tenti, viti mia moja, kreti za soda na bia, na ndugu yake mdogo alete spika zake, ama tufute kabisa. Hesabu yake imefika Sh75,000. Zamu yangu ya chama inaangukia Februari, Sh60,000, na nilikuwa nimeipangia karo ya muhula wa pili. Anataka tutumie hiyo, kinachopungua akope kwa simu.

Nikikataa, ninamkanyaga mtu aliyeumia tayari. Nikikubali, mtoto atarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nikifuta, nitamwambia nini mama mkwe? Kuna usiku ninatamani hata habari ya kazi ijulikane tu ili tupumue. Je, nilikosea kutaka watu wale bila sababu?

Mama Watatu, Buruburu


Mwalimu anajibu:

Mama Watatu mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka nilipofika kwa binamu wa Sh500. Huyo ni mtu wa Nairobi kamili, analipa kabla hajaulizwa ili asije akachaguliwa kuwa mtunza hazina. Mara ya tatu sikucheka. Nilikuwa nimekwama kwa mtoto anayeona viti vya plastiki na kuuliza nani amekufa.

Kama nimekuelewa, katika ua huo mdogo zimepangwa sherehe tatu. Yako ni mkeka na pilau. Ya mume wako ni mbuzi wawili na tenti. Ya mama mkwe ni maombi ya shukrani, na hiyo huenda ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote, maana imeshapata wageni. Na chini ya zote tatu kuna jambo la Septemba ambalo hamjalitaja kwa mtu. Wewe umeniuliza uchague ipi. Niwie radhi, nitaanzia kwingine.

Unasema sherehe yako haina sababu. Sikubaliani nawe. Sababu umeiandika mwenyewe, tena vizuri: unataka mtoto wako auone ua ule ukijaa watu na asifikirie jeneza. Hiyo ni sababu nzito kuliko nyingi zinazochapishwa kwenye kadi. Wala usiwalaumu wanaouliza. Sisi tumezoea kuitwa kwa jambo. Ni mahari, ni mazishi, ni karo, ni gharama ya hospitali, ni kumuaga anayesafiri. Kadi ikifika, jicho huenda moja kwa moja chini kabisa, panapoandikwa nambari ya kutumia pesa. Ukimwambia mtu kama huyo "njoo tukae tu", anajua kuna kitu amefichwa.

Lakini sababu hiyo umeniambia mimi, mtu usiyewahi kuniona. Mume wako umemwambia? Marehemu alikuwa baba yake. Mparachichi ni wa baba yake. Wewe unakumbuka daftari la michango likizunguka, naye nadhani anakumbuka kwamba ndiye aliyelishika. Inawezekana anapigania tenti na viti mia kwa sababu ndivyo ua ule ulivyokuwa mara ya mwisho alipousimamia kama mwenye nyumba. Inawezekana pia si hivyo hata kidogo. Siwezi kujua nikiwa huku, na nina shaka kama wewe unajua, maana mtu usiyemuuliza anakokwenda kila asubuhi kuna mengi humuulizi.

Sasa nikuulize kuhusu mbuzi. Wewe unamwona mbuzi kama gharama. Mimi ni mwanamume, nimesimama kando ya makaa mara nyingi, na nitakwambia siri yetu ndogo. Mwenye kuchoma ana kazi. Anachochea moto, anageuza mbavu, anakata kipande cha kuonja na kuwapelekea wazee kwenye ubao na chumvi pembeni. Akiulizwa "kazi inaendeleaje?" hujibu akiwa amempa muulizaji mgongo, moshi machoni, na swali hupita. Sasa mtoe mtu huyo kwenye moto. Mkalishe mkekani, mpe sahani ya pilau ya mkewe, na chapati ya shemeji juu yake, mbele ya kaka zake, kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili, hana kitu mkononi. Swali lile lile likija, atalikwepea wapi?

Ndiyo maana "unanivua nguo" sikulisoma kama majivuno matupu, ingawa majivuno nayo tunayo, hatukosi. Ulipopanga siku ya kupumzika, ulimpangia siku ya kukaa wazi. Hukukusudia hivyo. Lakini ukitaka kuzungumza naye, pengine ni afadhali muanze na hapo, kabla ya hesabu ya Sh75,000.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi wangekupendekezea haraka: mpe moto, mnyime tenti. Mbuzi mmoja akigawanywa na anayejua, anakwenda mbali. Kuna nyama ya kuchoma, kuna supu ya kichwa na miguu, kuna mutura kutokana na matumbo. Au msinunue mbuzi kabisa, mnunue kilo chache soko la Burma na pilau ishibishe watu. Naiona ina uzuri wake. Hatari yake ni kwamba akihisi umempa jiko kama mtu anavyompa kijiko mtoto anayekililia, itamuuma kuliko mkeka. Wazo hilo likitoka kwake litakuwa jambo jingine kabisa. Na kuna jambo unaloweza kumkumbusha kwa upole: wanaume wa mji huu wakienda kula choma Jumapili, hununua kwa kilo na kuchangia bili pale pale mezani. Nina hakika naye ameshachangia mara nyingi. Kaka zake wakileta mguu mmoja wa mbuzi, je, ni sufuria ya mgeni, au ni choma ya ndugu?

Hilo la sufuria lenyewe tulitazame, maana nadhani nyote wawili mnaliona kama desturi ya kigeni. Wewe umeiona kwenye picha za Ulaya ukaipenda, yeye ameikataa kwa sababu hiyo hiyo. Nyanya yangu hakuwahi kuingia kwa mtu mikono mitupu. Kikapu chake kilikuwa na ndizi, au maharagwe, au chupa ya maziwa iliyofungwa kwa ganda la mahindi, na mwenyeji hakuthubutu kukirudisha kikapu kikiwa kitupu. Wageni kuja na chakula ni kwetu kabisa. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemwambia nyanya alete. Kilichobebwa kwa hiari ni zawadi, na kilichoagizwa kinafanana sana na bili. Ujumbe wako uliagiza. Tena uliagiza kwenye kikundi, na mwenye nyumba akausoma dakika ile ile waliyousoma wadogo zake. Sidhani ulifanya kosa la kutisha, mwanangu, lakini ningekuwa yeye ningesikia upepo wa baridi mgongoni hata kama ningekuwa na kazi.

Niulize na hili, nawe ujijibu mwenyewe bila kuniandikia: wazo la kila mtu kubeba kitu lilikujia kwa sababu unalipenda, au lilikujia kwa sababu Septemba ilipita? Yote mawili yanaruhusiwa. Ila kama ni la pili, basi mume wako ameuona ukweli ndani ya ujumbe wako kabla yako.

Kuhusu pesa nitasema zaidi kidogo, maana hapo nina kovu. Nilipostaafu nilikopa kwenye sacco ili niage kwa fahari. Watu walikula, wakasifu, wakaenda. Mkopo niliulipa hadi Krismasi iliyofuata, na sherehe yenyewe nimeisahau karibu yote, nakumbuka tu kwamba tenti ilivuja juu ya meza ya wageni wa heshima. Lakini sitakudanganya kwamba najuta moja kwa moja. Kaka yangu mkubwa, ambaye tulikuwa hatujasemezana miaka mingi, alikuja siku hiyo. Alikuja kwa sababu lilikuwa jambo kubwa na kutokuja kungeonekana. Asingekuja kula pilau mkekani. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema sherehe kubwa ni upuuzi, nanyamaza.

Tofauti yangu na yenu ni kwamba mimi nilikuwa na pensheni ya kulipia ujinga wangu. Ninyi mnazungumzia karo. Sh60,000 za chama zikiliwa Februari, muhula wa pili hautakuja kwa kuchelewa ili kuwahurumia. Na mkopo wa simu una tabia yake: muda mfupi, na ada inayoendelea kuongezeka ukichelewa. Zamani, ukishindwa kulipa, baadhi ya wakopeshaji hao waliwapigia simu watu waliomo kwenye simu yako, mama yako, mwajiri wako, hata mchungaji. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 ziliwakataza kufanya hivyo, na Benki Kuu hutoa orodha ya waliopewa leseni. Mume wako akikopa, na atazame kwanza kama mkopeshaji wake yumo, maana wasio na leseni nao wanatafuta wateja, hasa walio na haraka. Fikirini pamoja jinsi ingekuwa: mmekopa ili ndugu wasijue, halafu simu ya deni inapigwa kwa ndugu.

Pengine kuna pesa nyingine ambayo hujaitaja. Kama nafasi yake ilifutwa kwa sababu kampuni ilipunguza watu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inataka alipwe malipo ya kuachishwa kazi yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya, pamoja na likizo ambayo hakuichukua na notisi ya mwezi mmoja au malipo badala yake. Alipewa? Kama alipewa, imebaki kiasi gani, na ni nani anayeijua hesabu hiyo? Siulizi kwa kumshuku. Ni kwamba mwanamume anayesema Sh75,000 zitapatikana huenda ana mahali anapopafikiria, na wewe unawaza chama tu.

Kufuta nako kupo. Watu wangenung'unika juma moja na kusahau. Ila kalenda ya Nairobi haina huruma: Machi mvua inaanza na inakwenda hadi Mei, Juni hadi Agosti ni baridi uliyoisema mwenyewe, na ukisema "tutafanya hali ya hewa ikiwa nzuri" utajikuta Septemba tena, mwaka mzima tangu apigwe kalamu, na mtoto bado anauliza swali lake. Lakini ukifuta kwa sababu ninyi wawili mmeamua, hilo ni tofauti na kufuta kwa sababu mmeshindana. Hapo wewe ndiye mwenye kuujua uzito.

Mama mkwe umemweka upande wa matatizo. Mimi nina shaka kidogo. Nyumba za Buruburu zilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, na waliohamia wakati huo walikuwa vijana wenye watoto wadogo. Kama yeye ni mmoja wao, ua huo ameuona na nepi zikikauka, na watoto wakigombania kamba ya kuruka, miaka mingi kabla ya kamati ya mazishi. Yeye pia mara ya mwisho kuuona umejaa alikuwa anamlilia mumewe. Huenda "maombi ya shukrani" ni jina alilolipata la kitu kile kile unachokitafuta wewe. Halafu kuna hili la kuchekesha: akina mama wa kanisa hawajui kwenda mahali bila kubeba sufuria. Watakuja na mukimo na chapati za kutosha mtaa, bila kuagizwa na mtu, na hakuna atakayesema mwanawe amevuliwa nguo.

Usifurahi mapema. Maombi ya nusu saa yana desturi ya kufika saa mbili. Kunaweza kuwa na wimbo wa pole, kikapu cha sadaka, na mtu wa kusimama na kusema maneno machache yasiyo machache. Mtoto wako atasikia nyimbo zile zile alizozisikia akiwa na miaka minne. Tena ukishamwachia mama siku hiyo, ni yake. Kama utazungumza naye, mwambie habari ya mtoto na viti. Bibi ataelewa jambo hilo upesi kuliko utakavyoeleza neno "bila sababu". Na magoti ya akina mama hao hayataki mkeka, hilo nakuhakikishia, wanahitaji viti. Toeni vya sebuleni, vya meza ya chakula, hata kochi likipita mlangoni. Kochi chini ya mparachichi halifanani na mazishi ya mtu yeyote.

Sasa la siri. Umeandika kwamba usiku mwingine unatamani ijulikane ili mpumue. Nakuelewa, kubeba siri ya mtu mwingine kunachosha kuliko kubeba ya kwako. Lakini ni habari yake kabla ya kuwa yenu, na siku ya watu hamsini si siku ya kuitoa, hata kwa bahati mbaya, hata kwa wifi mmoja jikoni. Akiamua yeye mwenyewe kumwambia kaka mmoja kabla ya Jumamosi hiyo, mengi yatalegea: yuko mtu wa kubadilisha mazungumzo, na yuko mtu wa kuleta mguu wa mbuzi bila kuulizwa. Anaweza pia kumchagua kaka asiyefaa, habari ikafika mashambani kabla ya jioni. Mnawajua ninyi. Ninachokisikitikia zaidi ni zile asubuhi. Mtu anavaa, anatoka saa moja, na tangu Septemba hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Huenda anatafuta kazi. Huenda anakaa kwenye benchi Uhuru Park akitazama magari. Ukiona halali, au amezidisha pombe, au anazungumza kama mtu asiyejiona na thamani tena, hilo liwe mbele ya sherehe na mbele ya karo, mtafuteni daktari au mshauri wa kuonana naye ana kwa ana. Mimi ni mtu wa gazeti.

Mambo madogo kwa haraka, yoyote mtakayoamua. Pilau na nyama visikae juani zaidi ya saa mbili baada ya kuiva, hasa Februari. Jazeni mitungi ya maji kuanzia Alhamisi. Na spika za shemeji: kanuni za kelele za mwaka 2009 zinauhesabu usiku wa maeneo ya makazi kuanzia saa mbili, na kuanzia hapo kiwango cha nje hushuka hadi desibeli 35, ambayo haizidi sana mnong'ono. Huko kwenu ukuta umegusana na ukuta. Sherehe inayokwisha saa kumi na mbili jioni haina haja ya kuijua sheria hiyo.

Zile Sh1,500 usizirudishe kimya kimya, mtu hurudishiwa mchango anapokuwa amekosewa. Wapigie wote wawili, wacheke kidogo, halafu waulize kama zinunue makaa na soda kwa jina lao au wanataka zirudi. Binamu nadhani atasema makaa.

Mama mkwe mpigie wiki hii, kabla ya Jumapili, lakini baada ya kuzungumza na mume wako, safari hii yeye awe wa kwanza. Akina mama wa kanisa wakishakodi matatu, hakuna ushauri wangu utakaoigeuza njiani.